Vuli Katika Soko la Darajani

Waandishi wa tarikhi ya Unguja, wenyeji kwa wageni, aghalabu huanza masimulizi yao baharini: hutaja majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kurejea na kusi, pembe za ndovu, karafuu, na biashara ile ya aibu ya kuuza binadamu, na wafikapo kwenye mambo ya jikoni husifu pilau na biriani na viungo vilivyovuka bahari, kana kwamba watu wa kisiwa hiki hawakuwa na ardhi ya kulima wala miti ya kuchuma. Sikatai neno lao, kwani bahari imetulisha kweli. Lakini insafu yatutaka tuseme kwamba katika nyumba ya kawaida, siku isiyo na harusi wala hitima, kilichotiwa chunguni kilitoka katika pakacha la makuti lililobebwa alfajiri kutoka shamba, na kilichokuwamo ndani ya pakacha hilo kiliamuliwa na mvua na upepo kabla mpishi hajaulizwa anapenda nini.

Majira yenyewe kila mtoto wa pwani anayajua: masika, mvua kubwa za Machi hata Mei, kipupwe, baridi ya Juni hata Agosti, vuli, mvua ndogo za Oktoba hata Disemba, na kiangazi, joto linaloingia kaskazi inaposimama. Ila wazee wa mashamba hawakuridhika na mafungu manne tu. Walishika hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, ambao zama zetu hizi huanza mwezi wa Julai, na ambao watu wa Makunduchi wanauadhimisha mpaka leo kwa Mwaka Kogwa, kwa kupigana kwa vigogo vya migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Mwaka huo waliugawa kwa miongo, kila mwongo siku 10, na kwa kuhesabu miongo mkulima alijua lini afyeke, lini achome, lini atie mbegu ardhini na kungojea rehema ya Mungu. Ilikuwa elimu ya watu wasiokuwa na kalenda ukutani, nayo iliwatosha kwa karne nyingi.

Ushahidi wa kale wa chakula chetu cha majira alituachia msafiri Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331. Huko Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na pamoja nao ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, maziwa ya mgando, malimau yaliyokolezwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kwamba embe likiiva huwa tamu likaliwa kama tunda, na kabla ya kuiva huwa kali kama limau, likatiwa katika siki. Alipofika Mombasa aliona ndizi, malimau, na tunda la jamuni, ambalo bila shaka ndilo zambarau letu, akaandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakupanda nafaka, bali waliletewa kutoka pwani ya jirani, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Nasi twaona kwamba bibi anayekata maembe mabichi leo kwa ajili ya achari anafanya kazi iliyokwisha kuwa ada ya pwani hii karne saba zilizopita, kabla Mreno hajaonekana Kilwa wala Mombasa.

Wareno, pamoja na madhila yao, ndio walioleta kutoka bara la Amerika muhogo, mahindi, mananasi, mapapai na pilipili tunayoila sasa. Na muhogo ulipoizoea ardhi ya Unguja haukuondoka tena. Kisiwa chenyewe kina ardhi mbili: magharibi udongo ni mzito na miti mikubwa hustawi, minazi na miembe na michungwa, mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo kiganja kimoja kimoja katika mashimo yake, na humo watu walipanda muhogo, mtama na kunde kwa subira kubwa. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja na kuwahimiza watu wapande mikarafuu, udongo mzuri wa magharibi uligeuzwa kuwa mali ya biashara. Tufani ya Aprili 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikawa tangu hapo ndiyo ngome ya karafuu. Lakini mashamba ya nafaka hayakurudia hali yake ya zamani, na wali ukawa chakula cha kununuliwa kutoka ng'ambo ya bahari. Naliona jambo hili kuwa hasara kubwa kuliko inavyosemwa vitabuni.

Soko la mji zamani lilikuwa karibu na Ngome Kongwe, na mtaa wa Sokomuhogo bado unashuhudia kwa jina lake mahali ulipouzwa muhogo. Mwaka 1904, wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud, lilifunguliwa soko jipya la Darajani, kando ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na tangu hapo Darajani ndipo shamba na mji vilipokutana. Watu waliingia kabla ya jua kuwa kali, wengine kwa miguu na mzigo kichwani, wengine kwa punda au gari la ng'ombe, na kwa muda wa miaka kadhaa baada ya 1905 wa upande wa Bububu walipata hata treni ndogo iliyokwenda maili saba. Matunda yalipangwa kwa mafungu juu ya majani au magunia, ndizi kwa mikungu na chane. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Na shehena kubwa zilinadiwa, dalali akipaza sauti na wachuuzi wakimzunguka. Mtu aliyejua kutazama aliweza kusoma tarehe ya mwaka kwa kupita tu kati ya mafungu hayo.

Na katika majira yote, vuli ndiyo niipendayo kuieleza, kwa sababu ndani yake jiko la Unguja huonyesha akili yake yote. Ukame wa mwisho wa kusi umekwisha kuchosha bustani. Kisha mvua za kwanza za Oktoba zinanyesha, aghalabu usiku, na baada ya majuma machache mchicha, matembele na majani ya kunde yanajaa sokoni, laini, yasiyohitaji kuchemshwa sana. Wakati huo huo miembe imekwisha kubeba, na maembe ya kwanza kufika ni mabichi. Haya hayangojwi yaive. Huchongwa yakatiwa katika mchuzi wa samaki mahali pa ndimu au ukwaju, na ukali wake ukikutana na tui la kasimile, lililokamuliwa kwa kifumbu na kutiwa mwishoni moto ukiwa mdogo, hupatikana mchuzi ambao hauwezi kupikwa mwezi wa Juni hata mpishi awe hodari kiasi gani. Yaliyosalia hutiwa chumvi, huanikwa juu ya ungo, kisha hufanywa achari kwa siki, pilipili na binzari, ili ukali wa vuli uweze kuliwa mpaka masika.

Ndipo Novemba huja yaliyoiva: dodo kubwa, boribo lenye harufu, viringe dogo la mviringo, na mwaka unapopinduka hufuata shokishoki na doriani, ambalo harufu yake hutangulia mwenye nalo njiani. Kunako siku hizo za kaskazi majahazi ya Arabuni nayo yalikuwa yakiingia, yakileta tende na papa mkavu, na hapo bahari na shamba vilipatana katika chungu kimoja: muhogo mpya wa nazi na kipande cha papa, chakula cha maskini ambacho matajiri hawakukikataa.

Fauka ya hayo kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa kadiri linavyostahili. Ramadhani hufuata mwezi, na shamba hufuata jua. Kwa hiyo mfungo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na katika miaka 33 takriban huyazunguka majira yote. Ikiangukia kipupwe, futari huwa viazi vitamu vilivyopandwa masika, na machungwa huwa mengi ya kufungulia. Ikiangukia vuli na kiangazi, meza hujaa maembe na mananasi. Hivyo mama mmoja katika umri wake alilazimika kujua futari za namna nyingi, na mzee akisema "Ramadhani ile ya maembe" wenziwe wa rika moja walijua anataja miaka gani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoishika Burma mwaka 1942, mchele wa huko ukakatika na wali ukagawiwa kwa kipimo. Wakaokolewa watu na muhogo, viazi, ndizi na mashelisheli, yaani na vile vile vyakula ambavyo wenye kujiona wa mjini walikuwa wakividharau. Baada ya miaka michache, 1949, R. O. Williams alitoa kitabu chake cha mimea ya Unguja na Pemba, kazi ya heshima, ambayo mpaka leo ni hazina kwa atakaye kujua miti ya visiwa hivi. Lakini mwongo wa kupanda, na kiasi cha chumvi cha achari ya nyumba hii na ile, vilibaki vifuani mwa wakulima na mabibi.

Sasa sehemu kubwa ya mboga na matunda ya Darajani huvuka kutoka Bara kwa boti, na baadhi ya vitu hupatikana mwaka mzima. Sioni ubaya kwa mji uliokua namna hii kulishwa na jirani yake. Linalonitia huzuni ni kwamba wajuao hesabu ya miongo wanapungua. Basi wewe msomaji, ukiwa na bibi au babu aliyelima Makunduchi, Muyuni, Donge au Pemba, keti naye vuli hii na daftari: muulize mvua ya kwanza ilipandiwa nini, embe gani liliwekwa kwa achari na lipi kwa kuliwa, na kila chakula kilipikwa katika mwongo gani, uandike kwa maneno yake mwenyewe, na nakala moja uipeleke Nyaraka za Taifa za Zanzibar.