Mahakama ya Mwisho ya Nauru

Nauru ni kisiwa cha kilomita 21 za mraba katika Bahari ya Pasifiki, karibu na ikweta, nacho kina watu wapatao 12,000. Katika nchi ndogo kiasi hicho kazi ya jaji ni nzito kuliko penginepo. Mshitaki na mshitakiwa aghalabu hujuana tangu utoto, na waziri aliyekasirishwa na hukumu hukaa mwendo mfupi tu kutoka mahakamani.

Kisiwa hicho kilipata uhuru tarehe 31 Januari 1968. Kabla ya hapo kilitawaliwa na Wajerumani, kisha Australia ikakisimamia kwa niaba yake yenyewe na ya Uingereza na New Zealand, isipokuwa miaka ya vita Wajapani walipokiteka. Fosfati ndiyo iliyowavuta baadhi ya wageni hao. Katiba ya uhuru iliunda Mahakama ya Juu, walakini ililiruhusu Bunge kuagiza kwamba rufani zisikizwe na mahakama ya nchi nyingine. Kwa ruhusa hiyo, mnamo Septemba 1976 Nauru ilipatana na Australia kwamba Mahakama Kuu ya Australia, iliyoko Canberra, iwe mahakama ya mwisho ya Wanauru. Mambo ya tafsiri ya Katiba, na maamuzi ya kamati ya ardhi, hayakutiwa humo. Hayo yalibaki kisiwani.

Kwa miaka mingi mapatano hayo hayakutumika ila kwa nadra. Hata katika mwaka wa 2005, shauri la mkimbizi aliyezuiliwa kisiwani lilipofika Canberra, ilibidi majaji waamue kwanza kama wana haki ya kulisikiliza. Wengi wao walisema wanayo. Ajabu ya mpango huo ni kwamba nguvu yake yote ilikuwa katika umbali: majaji walioketi ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 3,000, hawakumwogopa mtu wa Nauru wala hawakumtumaini kwa mshahara.

Thamani ya umbali huo ilionekana Januari 2014. Serikali ya Rais Baron Waqa ilimfukuza nchini hakimu mkazi, na Jaji Mkuu Geoffrey Eames, aliyekuwa Australia wakati huo, akafutiwa ruhusa ya kuingia. Miezi miwili baadaye alijiuzulu. Jaji wa kigeni anayehitaji kibali ili afike kwenye kiti chake ana kiti kisichokuwa na miguu.

Juni 2015 watu waliandamana mbele ya Bunge, na baadhi yao wakashitakiwa. Watatu walikiri makosa wakapewa vifungo vifupi. Upande wa mashitaka ukakata rufani, na Mahakama ya Juu ikaviongeza vifungo hivyo sana. Wakaenda Canberra. Oktoba 2017 Mahakama Kuu ya Australia iliitengua hukumu hiyo, ikaagiza shauri lisikizwe upya na jaji mwingine.

Tarehe 12 Desemba 2017 Nauru ilitoa taarifa ya kuvunja mapatano. Muda wa siku tisini ulipopita, tarehe 13 Machi 2018, mlango ulifungwa, na mawakili wa washitakiwa walipata habari baada ya kufungwa. Hoja ya serikali, kwamba taifa huru halifai kuazima mahakama yake ya mwisho, haikuwa ya kipuuzi. Mtu yeyote aliyewahi kutawaliwa anaielewa. Lakini hoja njema haina haja ya kunyamaziwa. Fauka ya hayo, mahakama ya kushika mahali pa ile ya Canberra ilikuwa haijaundwa. Sheria ya Mahakama ya Rufani ya Nauru ilipitishwa Mei 2018, na katika wiki zile za katikati aliyehukumiwa na Mahakama ya Juu hakuwa na pa kukimbilia.

Septemba mwaka huo huo Jaji Geoffrey Muecke, aliyeletwa kutoka Australia kusikiliza kesi ya waandamanaji wengine, alisimamisha mashitaka daima, kwa kuwa serikali ilikataa kugharimia utetezi wao na kwa hiyo wasingeweza kuhukumiwa kwa haki. Serikali ikakata rufani. Mahakama mpya ya Rufani ikautangua uamuzi wake katika mwaka wa 2019, kesi ikaanza tena mbele ya jaji mwingine, na mnamo Desemba washitakiwa wakatiwa hatiani.