Frasila Mbili na Gia ya Tano

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa kama miezi mitatu. Pembe kubwa ya ndovu haigawanyiki, hivyo ilifungwa kwenye mti wakaibeba watu wawili. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma mnyapara akiwasukuma waliochoka. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tabora, na nikibadilisha shokapu zilizopinda kwa gunia la mahindi, huwa nawakumbuka wale watu. Kazi ni ileile: mzigo, mchanga, na tajiri anayetaka ufike leo.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Tabora Novemba 1857, wafanyabiashara Waarabu walikuwa wameshajenga matembe yao. Mwaka 1871 mtemi Mirambo akaifunga njia ya Ujiji, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini. Wageni bado huenda kuitazama tembe ya Kwihara, alikokaa Livingstone, lakini ni wachache wanaouliza habari za wapagazi waliomletea vitu vyake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Upagazi wa biashara wa masafa marefu ukafifia. Ila treni haiingii shambani. Kutoka stesheni kwenda vijijini mzigo uliendelea kupanda kichwani, baadaye kwenye keria ya baiskeli, na sasa kwenye siti ya pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za kubeba abiria, bodaboda ilikuwa tayari imeshazoeleka.

Pikipiki nyingi zilizotufikia wakati huo, SanLG ikiwamo, zilikuwa za China, injini zake zikifuata ile Honda CG125 ya miaka ya 1970. Wajapani waliitengeneza wakijua kuwa kuna nchi ambako mtu hamwagi oili mpaka iwe lami. Ifungue uone: haina cheni ya taimingi. Vavu zinasukumwa na rodi mbili nyembamba zinazopanda kutoka chini. Tapeti ikigonga, unalegeza nati, unapima mwanya, unakaza, dakika chache tu. Kwa mtu aliye porini Urambo na tumbaku mgongoni, hiyo ni heri kuliko mwendo kasi.

Sasa yamekuja matoleo mapya. TVS HLX 150 ya gia 5 inakimbia vizuri kwenye lami ya Nzega. Ukitia gia ya mwisho injini inapumua, mtetemo unapungua, na mafuta hayaliwi ovyo. Lakini ukiacha lami ukaingia mchangani na mzigo, utashinda kwenye gia ya pili, na ile ya tano itabaki pambo. Kwa njia zetu, naona maboresho ya maana ni shokapu na rimu, si gia.

Vijana wengine wanataka umbo la spoti: usukani wa chini, tangi la kubana magoti, siti ya abiria iliyopanda juu. Kwenye kona ya lami inatulia kama imepigwa msumari, sibishi. Mchangani ni balaa. Uzito wote unalala mbele, gurudumu linazama, na usukani mfupi haukupi nguvu ya kulirudisha. Abiria aliyekaa juu kule anayumba, naye anakuyumbisha. Na gunia utalifunga wapi?

Wanyamwezi walisubiri kiangazi, baada ya mavuno, ndipo wakaondoka. Walijua njia kabla ya kuchagua mzigo. Wewe unayetaka kununua pikipiki, anza hivyohivyo: angalia unapita wapi wakati wa masika, kisha uliza spea zake zinauzwa duka gani hapa mjini. Ukiambiwa lazima ziagizwe Dar es Salaam, iache dukani.