Mkono, Mkataba na Fidia: Historia Fupi ya Madhara ya Kazi Yanayokuja Polepole Ufipa

Historia ya fidia kwa wafanyakazi nchini Tanzania imesimuliwa zaidi kama historia ya ajali. Makala haya yanaonesha, kwa mfano wa Ufipa, kwamba madhara yanayokuja polepole yamebaki pembeni kwa sababu fidia hufuata mkataba, ilhali mkono uleule hupitia kazi nyingi zisizo na mkataba.

Mfano wa madhara hayo ni kubanwa kwa neva ya kati katika kifundo cha mkono. Dalili zake ni ganzi na maumivu ya vidole, hasa usiku, na hatimaye kupungua kwa nguvu ya kushika. Mwaka 2010 orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliutaja ugonjwa huo, ikiuhusisha na kazi ya nguvu inayorudiwarudiwa.

Kazi ya namna hiyo si ngeni Ufipa. Mkulima hufukia nyasi kwa jembe la mkono na kuinua matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Wakati wa ukoloni, vijana waliondoka kutafuta fedha za kodi. Baadhi walifika katika mashamba ya mkonge, ambako mkataji alikata majani kwa kisu na kuyafunga matita ya majani 30. Mkataba ulipokwisha, alirudi kwenye jembe. Ganzi ikijitokeza baadaye, ilikuwa vigumu kutenganisha athari ya kisu na ya jembe, na mwajiri alikuwa mbali.

Chini ya sheria ya zamani, iliyorithiwa kutoka ukoloni, kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mfuko hukusanya michango ya waajiri na hufidia ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi.

Hata hivyo, mlango wa Mfuko ni ajira. Karani wa Sumbawanga anayechapa nyaraka kutwa ana mwajiri. Mkulima wa intumba hana. Kwa kibarua anayeishi kati ya hali hizo mbili, haki hutegemea ushahidi. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba zahanati ziandike historia ya kazi ya mgonjwa, na vibarua wapewe mikataba ya maandishi.