Mfalme, Mwandishi na Sanduku la Mchele

Juma lililopita, baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja alinifuata hadi mlangoni akiwa na simu mkononi. Alikuwa akifuatilia tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambamo mwana wa mfalme anafungiwa ndani ya sanduku kwa amri ya baba yake mzazi na kufia humo. "Mwalimu," akaniuliza, "haya yalitokea kweli, au ni utunzi tu?" Nikamjibu kwamba yalitokea. Akaongeza swali la pili, nalo lilikuwa gumu zaidi: "Basi yameandikwa wapi?"

Makala haya ni jibu la swali hilo la pili. Naliandika kwa sababu riwaya na tamthilia za upelelezi na mapenzi zinazohusu Korea ya kifalme zimeenea mno miongoni mwa vijana wetu, na wengi wetu tunazipuuza kama burudani ya kupitisha muda. Nadhani tunakosea. Nyingi kati ya kazi hizo zimejengwa juu ya jambo zito: mgogoro baina ya dola na kumbukumbu zake yenyewe.

Tuanze na tukio lenyewe. Nasaba ya Joseon ilianza kuitawala Korea mwaka 1392. Mnamo Julai 1762, Mfalme Yeongjo alimwamuru mrithi wake, Mwanamfalme Sado, aingie katika sanduku la mbao la kuhifadhia mchele. Sado alikuwa na umri wa miaka 27. Alikata roho siku nane baadaye.

Joseon haikuwa dola isiyojua kuandika. Kinyume chake, ni vigumu kupata dola ya zama hizo iliyoandika zaidi. Palikuwa na waandishi wanane wa historia, vijana wa vyeo vya chini katika ngazi ya utumishi, ambao kazi yao ilikuwa kuhudhuria mabaraza ya mfalme na kuandika yaliyosemwa na yaliyotendwa. Mfalme alipofariki, maandishi yao yalikusanywa pamoja na nyaraka nyingine, ikatungwa historia rasmi ya enzi yake. Rasimu zilioshwa majini hadi wino ukatoka, ili asijulikane nani aliandika nini. Kumbukumbu hizo, ziitwazo Sillok, zinahusu miaka 472 na wafalme 25, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Nguzo ya mfumo huo ilikuwa sharti moja: mfalme hasomi. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mawindoni. Alipoinuka aliwaonya waliokuwa karibu kwamba mwandishi wa historia asipate habari. Mwandishi akaandika kwamba mfalme ameanguka, kisha akaandika na onyo lenyewe. Mwanawe, Sejong, anayeheshimiwa kuliko wafalme wote wa Korea, aliomba kusoma kumbukumbu za enzi ya baba yake. Mawaziri wakamkatalia: ukisoma wewe, watakaokuja baada yako watasoma na kurekebisha, na hakuna mwandishi atakayethubutu tena kuandika ukweli. Sejong akakubali.

Yeonsangun hakukubali. Mwaka 1498 aliagiza aletewe sehemu za rasimu za mwandishi Kim Il-son, ambaye alikuwa ameingiza maandishi ya mwalimu wake yaliyofasiriwa kuwa yanamlaumu Sejo, babu mkuu wa mfalme huyo, kwa kunyang'anya kiti cha mpwa wake. Kim Il-son akauawa. Mwalimu wake, Kim Jong-jik, alikuwa amekwisha kufa, lakini kaburi lilifukuliwa na maiti ikakatwa kichwa. Hiyo ndiyo gharama ya kalamu pale mwenye mamlaka anapoamua kuisoma kabla ya wakati wake. Yeonsangun aling'olewa madarakani mwaka 1506, na utawala wake haujaacha kuzaa riwaya hadi leo.

Sasa turudi kwenye sanduku. Ukiisoma Sillok ya Yeongjo kuhusu mwaka 1762, utakuta kwamba Sado alifungiwa ndani kwa ukali. Ndani ya nini? Sanduku halitajwi. Dola iliyoandika hadi anguko la farasi ilishikwa na kigugumizi mbele ya sanduku la mchele. Yakafuata makubwa zaidi. Mwaka 1776 mwana wa Sado, ambaye muda mfupi baadaye angekuwa Mfalme Jeongjo, alimwomba babu yake kwamba habari za msiba huo zifutwe katika shajara za sekretarieti ya kasri. Yeongjo akaridhia. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilishangaa kwamba aliyeomba kufuta hakuwa adui wa marehemu, bali mwanawe mpenzi, aliyetaka kumstahi baba. Tukumbuke jambo hili: kumbukumbu haziharibiwi na waovu peke yao. Huharibiwa pia na watu wema wenye sababu nzuri.

Habari za sanduku na za maisha yaliyotangulia tunazipata kwa upana kutoka kwa mwanamke. Bibi Hyegyeong, mjane wa Sado, aliyeolewa akiwa mtoto mwaka 1744, aliandika kumbukumbu zake kati ya 1795 na 1805. Hakuziandika kwa Kichina cha kale, lugha ya ofisi na ya wanaume wasomi, bali kwa hati ya Kikorea ambayo Sejong aliitangaza mwaka 1446. Anaeleza ugonjwa wa akili wa mumewe, hofu yake kwa baba, na jinsi alivyowaua watumishi wa kasri. Naye si shahidi asiye na upande. Ukoo wake ulikuwa umeandamwa, ndugu yake alikuwa ameuawa, na aliandika pia ili kuwasafisha watu wake. Lakini ndiye aliyesema.

Hapo ndipo riwaya ya upelelezi inapopata makao. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Pale nyaraka zinapofutwa, minong'ono hushika nafasi yake, na mwandishi wa riwaya huifanyia minong'ono hiyo uchunguzi ambao hakimu hakuufanya. Mwaka 1993 Yi In-hwa alitoa riwaya kuhusu mauaji ndani ya kasri la Jeongjo na hati ya siri inayofungamana na kifo cha Sado. Mwaka 2022 June Hur, mzaliwa wa Korea aliyelelewa Kanada, alitoa The Red Palace, ambamo muuguzi wa kasri anachunguza mauaji ya wanawake mwaka 1758, na shuku inamwangukia Sado mwenyewe. Uteuzi wa mhusika huyo una mantiki ya kihistoria. Maadili ya Kikonfusio yalimzuia mganga mwanamume kumgusa mwanamke wa heshima, hivyo tangu 1406 dola iliwafundisha uganga wasichana wa tabaka la watumwa. Kwa sababu hiyo hiyo ofisi za polisi ziliwatumia wajakazi kupekua vyumba vya wanawake. Walioingia kila mlango ndio waliokuwa hawana sauti katika kumbukumbu yoyote.

Upande wa mapenzi unahitaji tahadhari zaidi. Kisa kinachopendwa sana ni cha Jeongjo na mjakazi wa kasri, Seong Deok-im, kilichoandikiwa riwaya na kisha, mwaka 2021, tamthilia ya The Red Sleeve. Chanzo chake ni cha kweli: maandishi ya kaburi ambayo mfalme aliyatunga kwa mkono wake baada ya Deok-im kufariki mwaka 1786. Anaeleza kwamba alimtaka, naye akalia na kukataa. Baada ya miaka mingi akamtaka tena, naye akakataa tena. Ndipo mfalme akamwadhibu mtumishi wa Deok-im, na Deok-im akatii. Mtazamaji huona hapo subira ya mpenzi. Mimi naona pia mtumishi asiye na jina aliyeadhibiwa ili bibi yake akubali. Pengine yote mawili ni kweli, lakini aliyeshika kalamu ni mmoja, na ni mfalme. Mkono wa Deok-im mwenyewe umebaki mahali pengine: ni miongoni mwa wanawake wa kasri waliokinakili kisa kirefu cha kubuni mwaka 1773. Alikuwa msomaji wa hadithi, kama mwanafunzi wangu.

Wala maandishi si neema kwa kila mtu. Mwaka 1801 serikali ya Joseon iliyachoma madaftari ya watumwa wa serikali zaidi ya 60,000, na kwa moto huo wakawa huru. Kwa mfalme, kuandikwa kulikuwa hukumu ya vizazi. Kwa mtumwa, kuandikwa kulikuwa mnyororo. Kabla ya kusema tu kwamba nyaraka zihifadhiwe, tuulize zinamhesabu nani na zinamfunga nani.

Kwenu mlio katika utumishi wa umma, mnaoandika mihutasari ya vikao na kutunza masjala, wale waandishi wanane ni wenzenu. Cheo chao kilikuwa kidogo kama cha wengi wenu, na siku itafika mtakapoambiwa kwa upole kwamba jambo fulani lisiandikwe. Kwenu wanaharakati na wanafunzi, tazameni tamthilia bila aibu, lakini ikiisha ulizeni swali lile la pili.

Nami nilimjibu kijana wangu hivi: yameandikwa na mjane, katika hati ambayo wakubwa waliidharau, zaidi ya miaka 30 baada ya msiba. Akaniomba jina la kitabu.