Utunzaji wa Wazee Wakati wa Mchana

Katika kaya za Wasukuma mzee hakujengewa makao ya kutunziwa. Alikuwa na nafasi yake shikome, penye moto wa jioni, ambapo babu aliwafunda vijana. Ugumu ulikuwa mchana: nani abaki naye watu wanapokwenda shambani? Walibaki wajukuu, pamoja na jirani aliyepita kumtazama.

Utaratibu huo ulitikisika Geita. Vijana wa vijijini walivutwa na machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa. Na mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, mji wa Geita, ambao Kalangalala ni kata yake, ulipokea wageni wengi waliowaacha wazee wao kwao. UKIMWI nao uliwaondoa wazazi, na bibi aliyestahili kutunzwa akawa mlezi wa yatima.

Lipo na jambo lisilopendeza katika kitabu cha sherehe, lakini haifai kulificha. Kuni zilipoadimika, akina mama wa Usukumani walipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wa miaka mingi uliyafanya macho yao kuwa mekundu, na wekundu huo ukadhaniwa kuwa alama ya uchawi. Vikongwe wengi, hasa wajane walioishi peke yao, waliuawa. Hivyo jirani aliyeleta maji na kuketi na bibi mchana kutwa alikuwa mlinzi wake pia. Huko Magu, shirika la MAPERECE lililoanza miaka ya 1990 lilipambana na mauaji hayo, na miongoni mwa njia zake yalikuwamo majiko yenye moshi kidogo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba familia na jamii ndizo zenye jukumu la kwanza la kuwatunza wazee, na makao yawe njia ya mwisho. Ni rahisi kutamka hivyo. Unga wa uji wa mchana watoka wapi, hilo ni jambo jingine. Mwaka huohuo, huko Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza kuwapa wazee maskini pensheni ndogo ya kila mwezi. (Zanzibar ilianza ya kwake Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi.) Wazee wa Muleba hawakuishia kwenye fedha. Waliunda vikundi vya kusaidiana, wenye nguvu kidogo wakiwatembelea na kuwahudumia wenzao waliozidiwa.