Notokodi na Jeni Zake

Binadamu, samaki, amfioksi (mnyama mdogo wa baharini anayefanana na samaki) na asidia huwekwa katika kundi moja, kodati, kwa sababu ya kiungo ambacho wengi wao hawabaki nacho ukubwani: notokodi, ufito wa seli unaonyumbuka, ambao hujitokeza mgongoni mwa kiinitete chini ya neva kuu. Udugu huo haukutambuliwa mapema. Mwaka 1774 Peter Simon Pallas alimhesabu amfioksi kuwa konokono asiye na gamba. Asidia, ambao wakikomaa hujibandika kwenye mwamba na kuchuja maji, walidhaniwa kwa muda mrefu kuwa jamaa wa chaza.

Aliyegeuza mawazo ni Alexander Kowalevsky, Mrusi aliyekwenda Naples, Italia, katika miaka ya 1860, akayafuatilia mayai ya wanyama hao kwa hadubini. Mwaka 1866 alionyesha kwamba lava wa asidia, mwenye umbo la kiluwiluwi, ana notokodi mkiani. Charles Darwin aliukumbatia ushahidi huo katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu.

Kilichoijenga notokodi yenyewe kilianza kujulikana kupitia panya. Mwaka 1927, jijini Paris, Nadine Dobrovolskaïa-Zavadskaïa alieleza panya wa maabara wenye mikia mifupi kuliko kawaida. Jeni yao yenye hitilafu iliitwa Brakiuri. Kiinitete kilichoirithi kwa wazazi wote wawili kilikufa kabla ya kuzaliwa, notokodi yake ikiwa haijakamilika. Jeni hiyo ilitengwa mwaka 1990. Miaka mitatu baadaye Hitoyoshi Yasuo na Noriyuki Satoh, nchini Japani, waliikuta kwa asidia, ikifanya kazi katika seli za notokodi pekee. Ushahidi wa Kowalevsky ulipata hapo uthibitisho wa kina kabisa. La kustaajabisha zaidi ni kwamba Brakiuri imo hata kwa wanyama wasiokuwa na notokodi, wakiwemo urchini wa baharini na baadhi ya minyoo ya baharini. Jeni ni kongwe kuliko kiungo. Kodati waliipa kazi mpya.

Jeni za Hox, zinazopanga mwili kutoka kichwani hadi mkiani, zina historia tofauti. Mwaka 1994 Jordi Garcia-Fernàndez na Peter Holland waligundua kwamba amfioksi ana fungu moja tu la jeni hizo, ilhali binadamu na panya wana manne. Jenomu ya amfioksi, yaani jumla ya DNA yake, iliyochapishwa mwaka 2008, iliunga mkono hoja ya Susumu Ohno ya 1970, kwamba jenomu nzima ya mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo iliwahi kurudufiwa.

Kwa asidia fungu hilo limevunjika na baadhi ya jeni zimepotea. Hata hivyo, ulinganisho wa jeni nyingi uliofanywa mwaka 2006 uliwaweka asidia, wala si amfioksi, kuwa ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo. Usahili wa miili yao, basi, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya kupoteza, si mabaki ya umbo la kale.