Kinu kisicho na chekeche

Najua nimepotea kwa muda, kazi za wateja zilinibana. Leo tuache kompyuta kidogo tuzungumzie kinu cha posho, hiki hiki unachokisikia kikinguruma sokoni.

Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa natumwa kila Jumamosi kusaga gorogoro nne za mahindi. Jumamosi moja nikakuta foleni imesimama. Injini ilikuwa nzima, dizeli ilikuwepo, mwenye kinu mwenyewe alikuwepo. Kilichopasuka ni chekeche, lile bati lenye matundu madogo ndani ya kinu, na jingine halikuwepo mpaka mtu aende mjini. Tulirudi na mahindi yetu. Usiku ule tulikula mahindi ya kuchemsha, na usiku uliofuata vilevile. Chakula kilikuwepo, unga ndio haukuwepo.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Amy Smith, nikakumbuka foleni ile.

Huyu ni Mmarekani aliyesomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, akamaliza mwaka 1984, kisha akaenda Botswana kujitolea na Peace Corps. Alikaa huko miaka minne. Botswana ya miaka ya 1980 ilikumbwa na ukame mkali, na mtama ndio nafaka iliyozoeleka. Kugeuza mtama kuwa unga kwa mchi na kinu cha mti ni kazi ya saa nyingi kila siku, na ni nani mwingine aliyeifanya kama si akina mama na wasichana? Tukitaja njaa huwa tunahesabu magunia. Jasho la kutoka gunia hadi sufuria hatulihesabu.

Wabotswana walikuwa wameshaanza kulishughulikia jambo hili wenyewe, nami sipendi hadithi zinazoanza na mgeni akitua na wazo. Katika mji wa Kanye, kituo cha RIIC kilichukua mashine ya Kanada ya kukoboa nafaka kikaifanyia marekebisho ili ifae vijiji vyao, kwa msaada wa shirika la IDRC. Ndani yake mawe ya mviringo huzunguka na kusugua mtama mpaka pumba itoke. Baada ya hapo mtama uliokobolewa huingia kwenye kinu cha nyundo. Na kinu hicho, bila shaka, kilikuwa na chekeche.

Kinu cha nyundo hufanya kazi hivi. Mhimili unazunguka kwa kasi kubwa, na juu yake vimening'inizwa vipande vya chuma ambavyo ndivyo nyundo. Nafaka ikianguka inapigwa, inavunjika, inapigwa tena. Chembe ikishakuwa ndogo kuliko tundu la chekeche, inapita na kuwa unga. Kwa hiyo ulaini wa unga unaamuliwa na bati lile. Fundi kijijini anaweza kuunda nyundo, mhimili na hata ganda la kinu. Lakini mamia ya matundu ya milimita moja hivi, yaliyolingana, kwenye bati gumu? Hayo si ya kutobolewa kwa msumari. Na bati hilo ndilo linalopigwa na nafaka siku nzima, kwa hiyo ndilo linalotangulia kuchakaa.

Miaka ya 1990 Smith alirudi MIT kusoma shahada ya pili, na akiwa mwanafunzi huko akabuni kinu ambacho chekeche limeondolewa kabisa. Mimi hapo ndipo aliponikamata! Mtu mwingine angetafuta bati gumu zaidi. Yeye aliuliza kama linahitajika.

Badala yake alitumia upepo. Kinu kikizunguka kinasukuma hewa, na hewa ndiyo inayochagua. Ukipunguza upana wa chembe kwa nusu, uzito wake unabaki sehemu moja kati ya nane, lakini eneo linaloshikwa na upepo linabaki robo. Chembe ndogo basi inabebeka kirahisi, inatoka na hewa. Ile kubwa ni nzito, inarudi kupigwa tena. Nyanya yangu alilijua hilo bila hesabu, maana kupepeta kwa ungo ni jambo lile lile.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa wa chekeche. Mwezi wa Machi 2016 mtu aliondoa kifurushi kidogo cha JavaScript kiitwacho left-pad, mistari 11 tu, na miradi mingi mno duniani ikagoma kujengeka. Sehemu ndogo, inatoka mbali, na hakuna anayeikumbuka hadi siku inapokosekana.

Mwaka 2000 Smith alipata tuzo ya wanafunzi ya Lemelson-MIT, dola 30,000, kwa kinu hiki na ubunifu mwingine. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Mwaka 2002 alianzisha pale MIT somo lililokuja kuitwa D-Lab, ambalo wanafunzi wake hutumwa kufanya kazi na watu wenye shida yenyewe. Jodie Wu alipitia hapo, na mwaka 2009 akaanzisha Global Cycle Solutions huko Arusha, kampuni iliyouza kifaa cha kupukuchua mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli. Baadaye ilihamia zaidi kwenye taa za jua. Silaumu: mahindi hupukuchuliwa msimu wa mavuno, giza huingia kila siku.

Na kinu chenyewe? Kwetu bado sijakiona. Nadhani sababu moja ni kwamba chekeche lina ahadi: tundu ni lile lile, unga ni ule ule. Upepo hubadilika injini ikilegea, au mahindi yakiwa na unyevu, au ukimimina mengi kwa mara moja, na mteja akiona ugali una chenga hatarudi. Sababu nyingine ni barabara. Siku hizi mtu wa bodaboda analeta chekeche kutoka mjini kabla foleni haijachoka.

Desemba iliyopita nilipita kwenye kinu cha kijijini kwetu. Mwenyewe amening'iniza machekeche mawili ya akiba kwenye msumari ukutani, na chini yake ameandika kwa chaki tarehe aliyofunga lile lililomo ndani.